Pointi 66 bingwa, pointi 71 wa pili: rekodi za Arsenal za msimu kwa msimu zinasomwaje?

Swali lililonifikia ni hili, nimelifupisha kidogo: "Mtaalamu, nimepata jedwali la Arsenal la msimu kwa msimu tangu 1893, ligi na makombe yote. Nimebishana na jamaa yangu, yeye anasema timu za zamani zilikuwa nyepesi tu, maana 1930–31 walichukua ubingwa kwa pointi 66, wakati 2015–16 walipata 71 wakaishia wa pili. Halafu kuna vitu sivielewi. 1990–91 nikipiga hesabu napata pointi 85 lakini wameandika 83. Kuna miaka haina nafasi kabisa. 1914–15 sehemu moja wanasema walikuwa wa 5, nyingine wa 6. Na upande wa makombe naona R3, R5, SF tu. Naomba unifungue macho."

Mkuu, swali lako limenifurahisha sana, kwa sababu watu wengi wakipata jedwali kama hilo wanakimbilia kwenye pointi halafu wanaanza kubishana, na pointi ndo kitu cha mwisho kabisa unachotakiwa kukilinganisha. Kila mstari kwenye hilo jedwali una sheria zake za mwaka ule, ukiusoma kwa sheria za leo unaionea timu au unaipa sifa ambazo sio zake. Ngoja tuanze na ugomvi wenu, hayo mengine yatafuata.

Msimu wa 1930–31 unasomeka hivi: mechi 42, ushindi 28, sare 10, kufungwa 4, magoli ya kufunga 127, ya kufungwa 59, pointi 66, nafasi ya kwanza. Sasa chukua kalamu. 28 mara tatu ni 84, ongeza sare 10 unapata 94. Kwa nini wao wameandika 66? Kwa sababu enzi hizo ushindi ulikuwa na pointi mbili, sio tatu. 28 mara mbili ni 56, na sare 10, ndo hiyo 66. Uingereza walianza kutoa pointi tatu msimu wa 1981–82, kwa hiyo mstari wowote wa kabla ya hapo kwenye jedwali lako uusome ukijua ushindi ni mbili. Jamaa yako amelinganisha pesa za nchi mbili tofauti bila kuzibadilisha kwanza.

Ukitaka kubadilisha kwa haki, na mechi lazima uziangalie, maana 1930–31 walicheza 42 na 2015–16 walicheza 38. Pointi 94 gawanya kwa mechi 42 unapata kama 2.24 kwa mechi, zidisha mara 38 unapata pointi 85. Sasa hao wa 2015–16 walishinda 20, sare 11, wakafungwa 7, jumla 71. Yaani ile timu anayoiita nyepesi inamzidi huyo wa kisasa kwa pointi 14 nzima kwenye mizani moja. Na msimu huo wa 2015–16 bingwa alikuwa Leicester City kwa pointi 81, kwa hiyo hao wa 1930–31 kwa hesabu hii wangempita hata bingwa.

Ila usimwambie tu amekosea ukaishia hapo, maana hata hii hesabu yangu ina mipaka yake na lazima niwe mkweli. Ushindi ukiwa na pointi mbili, sare ni nusu ya ushindi, kwa hiyo timu ikienda ugenini ilikuwa inaridhika kabisa kurudi na sare, hata kocha mwenye akili alikuwa anaipanga hivyo, ushinde nyumbani utoke sare ugenini mwisho wa msimu uko pazuri. Ushindi ukiwa na tatu, sare inakuwa theluthi tu na timu inalazimika kwenda kutafuta goli dakika za mwisho. Kwa hiyo hao wa zamani wangecheza tofauti kama sheria ingekuwa tofauti, na sisi hatuwezi kuwarudisha uwanjani. Angalia mfano huu: 1930–31 wana 66 na 1970–71 wana 65, kwa hiyo kwenye karatasi wa 1930–31 wako juu kwa pointi moja. Lakini wa 1970–71 walishinda 29, sare 7, kufungwa 6, ukibadilisha kwa pointi tatu nao wanapata 94, sawasawa kabisa na wale. Mizani ukiibadilisha, timu mbili zinahama zilipokuwa bila hata mpira kupigwa.

Na magoli 127 nayo usiyashangae sana peke yake. Mwaka 1925 sheria ya kuotea ilibadilishwa, mwanzo mshambuliaji alihitaji wapinzani watatu kati yake na mstari wa goli, wakapunguza wakawa wawili, mabeki wakachanganyikiwa na magoli yakafurika ligi nzima. Mwaka huohuo ndo kocha Herbert Chapman alifika Highbury, uwanja wa Arsenal enzi hizo, akitokea Huddersfield, akamrudisha kiungo wa kati akawa beki wa tatu, na timu ikajengwa upya kuanzia hapo. Lakini magoli yalibaki mengi kwa wote. Msimu huo wa 1930–31 Aston Villa walifunga 128, moja zaidi ya bingwa, wakaishia wa pili kwa pointi 59. Kwa hiyo ukiona safu ya magoli ya kufunga miaka ile, jiulize kwanza na wenzao walifunga mangapi.

Tena nikwambie kitu, hata ndani ya sheria zilezile pointi zinadanganya. 2016–17 Arsenal walipata pointi 75 wakawa wa tano, wakakosa Ligi ya Mabingwa kwa mara ya kwanza baada ya misimu 20 mfululizo ya kumaliza ndani ya nne bora. 2024–25 wakapata 74, moja pungufu, wakawa wa pili. Mechi 38 zote, ushindi tatu zote, timu 20 zote. Kilichobadilika ni jinsi zile pointi zilivyogawanyika kwa wengine. Ndo maana mimi nikisoma jedwali naanza na nafasi, halafu nafasi ile ilikuwa kati ya timu ngapi, halafu mechi za kufungwa, pointi nazitupia jicho mwishoni.

Idadi ya timu nayo imekuwa ikipanda na kushuka, hili linawakosesha wengi. Ligi ilienda na timu 22 na mechi 42 miaka na miaka tangu 1919, ikaja ikapunguzwa, 1987–88 zilikuwa timu 21 na mechi 40, 1988–89 zikawa 20 na mechi 38, 1991–92 zikarudishwa 22, Ligi Kuu ilipoanza 1992–93 ikarithi hizo 22, ndo 1995–96 ikatulia kwenye 20 mpaka leo. Kwa hiyo safu ya mechi iangalie kabla hujaangalia kitu kingine chochote.

Sasa kuna jambo ambalo hukuliuliza ila liko ndani ya jedwali lako na ni zuri kuliko yote, nalo ni pale timu mbili zinapolingana pointi. Kwa miaka mingi Uingereza hawakutumia tofauti ya magoli. Walitumia wastani, yaani unachukua magoli ya kufunga unagawanya kwa ya kufungwa. Tofauti ya magoli, ya kutoa, imeanza 1976–77. Unaweza kuona ni kitu kidogo lakini kiligusa ubingwa kabisa.

1952–53 Arsenal na Preston walimaliza wote na pointi 54. Arsenal magoli 97 kwa 64, Preston 85 kwa 60. Gawanya: Arsenal 1.516, Preston 1.417. Hiyo tofauti ya 0.099 ndo kombe. Arsenal walikuwa wamemaliza kwa kuwafunga Burnley 3–2 Ijumaa, siku moja kabla ya fainali ya Kombe la FA. Hapo hata ungetumia kutoa, Arsenal ana 33 na Preston 25, bingwa ni yuleyule.

Lakini njoo 1971. Hapa naomba usome polepole. Jumatatu tarehe 3 Mei 1971, Arsenal anaenda White Hart Lane kwa Tottenham, mechi ya mwisho ya ligi. Leeds ameshamaliza mechi zake zote, ana pointi 64, magoli 72 kwa 30, wastani wake ni 2.40 kamili. Arsenal ana pointi 63, magoli 70 kwa 29. Akishinda anafika 65, biashara imekwisha. Akitoka sare anafika 64 sawa na Leeds, na hapo ndo hesabu inaingia. Sare ya bila kufungana inamwacha Arsenal na 70 kwa 29, ambayo ni 2.41, anakuwa bingwa. Sare ya 1–1 inamfanya awe na 71 kwa 30, ambayo ni 2.37, bingwa ni Leeds. Umeona? Sare ya 0–0 unabeba kombe, sare ya 1–1 unalikosa.

Sasa dakika zimebaki chache kabisa, Ray Kennedy anapiga kichwa, goli, 1–0. Uwanja unalipuka. Lakini tulia upige hesabu, lile goli halijawaongezea usalama wowote. Kabla ya goli, wakifungwa moja wanakosa ubingwa. Baada ya goli, wakifungwa moja inakuwa 1–1 na wanakosa ubingwa vilevile. Zile dakika za mwisho Tottenham walishambulia na Arsenal wakawa wanalinda kitu kilekile walichokuwa wanakilinda tangu dakika ya kwanza. Mimi kila nikifika kwenye mstari wa 1970–71 nasimama hapo, kwa sababu jedwali linakwambia tu pointi 65, Leeds 64, ukadhani ilikuwa rahisi kidogo. Siku tano baadaye, tarehe 8 Mei, wakaenda Wembley wakatanguliwa kufungwa na Liverpool kwenye dakika za nyongeza, Eddie Kelly akasawazisha, Charlie George akapiga la pili, 2–1, makombe mawili kwa msimu mmoja.

Na sasa 1988–89, ambapo sheria iliwabeba. Tarehe 26 Mei 1989 wanaenda Anfield kwa Liverpool. Mechi hiyo ilisogezwa mpaka mwisho baada ya maafa ya uwanja wa Hillsborough ya tarehe 15 Aprili, yaliyoua mashabiki wa Liverpool. Liverpool ana pointi 76 na tofauti ya magoli 39, Arsenal ana 73 na tofauti ya 35. Anatakiwa kushinda kwa magoli mawili. Alan Smith akafunga mapema kipindi cha pili, na Michael Thomas akamaliza kazi dakika ya mwisho kabisa. Wote pointi 76, wote tofauti 37, ikabidi waangalie nani amefunga mengi zaidi: Arsenal 73, Liverpool 65. Sasa chukua ile sheria ya zamani ya kugawanya. Arsenal 73 kwa 36 ni 2.03. Liverpool 65 kwa 28 ni 2.32. Yaani kwa sheria ya 1971 bingwa wa 1989 angekuwa Liverpool, hata kwa kufungwa 2–0 nyumbani kwake. Kugawanya kunapendelea timu inayofungwa kidogo, kutoa hakujali. Kwa hiyo kwenye jedwali ukiona timu mbili zimelingana pointi usiseme tu "magoli", uliza ni magoli kwa hesabu ipi.

Turudi kwenye 83 yako ya 1990–91. Hesabu yako iko sahihi kabisa mkuu, wala usijilaumu. Ushindi 24, sare 13, kufungwa 1, ni 72 jumlisha 13, inakuja 85. Pointi mbili walikatwa. Oktoba 1990 walikuwa Old Trafford kwa Manchester United wakashinda 1–0, goli la Anders Limpar, lakini katikati ya mechi ikazuka vurugu, karibu wachezaji wote wa pande zote mbili wakaingia, FA, yaani chama cha soka cha Uingereza, ikakaa ikawakata Arsenal pointi mbili na Manchester United moja. Majedwali mengi yana alama ndogo pembeni ya namba kuonyesha makato, ukinakili ovyo ile alama inapotea na msomaji anabaki anajikuna kichwa kama wewe. Mwisho wake haikuwadhuru, walichukua ubingwa kwa 83, Liverpool 76, na waliruhusu magoli 18 tu kwenye mechi 38. Mechi waliyofungwa ni moja tu, kwa Chelsea, 2–1, Februari 1991. Huu msimu naona watu hawaupi heshima yake kwa sababu ya wale wasiofungika wa 2003–04 waliokuja baadaye.

Kuhusu miaka isiyo na nafasi, hiyo ni vita. Kati ya 1915 na 1919 ligi haikuchezwa, na kuanzia 1939 mpaka 1946 vilevile. Ila 1939–40 ina ujanja wake, ligi ilianza, Arsenal wakacheza mechi tatu, Uingereza ikatangaza vita tarehe 3 Septemba 1939, kila kitu kikasimama na matokeo yakafutwa. Ndo maana jedwali moja linaweka mechi tatu na lingine linaacha wazi, yote mawili yana hoja, ila zile mechi tatu hazihesabiki kwenye rekodi rasmi ya mchezaji wala klabu. Kipindi hicho Highbury ilichukuliwa na watu wa ulinzi wa raia na Arsenal wakawa wanachezea kwa Tottenham, fikiria hilo. Mashindano ya wakati wa vita yalikuwepo lakini yanawekwa kando, na ni sawa, maana wachezaji walikuwa jeshini na timu zilikuwa zinaazima watu.

Halafu 1945–46 utaona ligi iko wazi lakini Kombe la FA limejazwa. Sio kosa. Kombe lilirudi mwaka mmoja kabla ya ligi, na kwa mwaka huo peke yake lilichezwa nyumbani na ugenini. Arsenal walichapwa 6–0 na West Ham, wakashinda marudiano 1–0, wakatoka raundi ya tatu. Ligi ikarudi 1946–47 wakashika nafasi ya 13, na mwaka uliofuata, 1947–48, mabingwa. Kutoka 13 mpaka 1 ndani ya mwaka mmoja.

Na 1914–15 sasa. Walikuwa Daraja la Pili, maana walishuka 1912–13 kwa msimu wa aibu, ushindi 3 tu kwenye mechi 38, pointi 18, mkiani kabisa. Hiyo 1914–15 walimaliza na pointi 43 sawa na Birmingham. Magoli 69 kwa 41 upande wa Arsenal, 62 kwa 39 upande wa Birmingham. Gawanya mwenyewe utapata 1.68 kwa 1.59, kwa hiyo Arsenal ni wa tano. Lakini jedwali lililochapishwa wakati ule lilipigwa hesabu vibaya likamweka wa sita, na vitabu vikaendelea kunakiliana. Ukiona mtu ameandika wa 6 ujue amenakili zamani, sahihi ni 5.

Ila usiishie hapo, angalia mstari unaofuata, 1919–20. Wako Daraja la Kwanza. Timu ya tano imepandaje? Hapo ndo kuna kisa ambacho mashabiki wa Tottenham hawajasamehe mpaka leo. Baada ya vita ligi iliongezwa kutoka timu 20 mpaka 22. Derby na Preston walipanda kwa haki yao, Chelsea aliyekuwa eneo la kushuka akaachwa abaki, nafasi moja iliyobaki ikapigiwa kura na klabu. Arsenal, chini ya mwenyekiti wao Henry Norris, walipata kura 18, Tottenham aliyemaliza mkiani Daraja la Kwanza akapata 8. Tangu siku hiyo Arsenal hawajashuka tena. Mimi ni mpenzi wa hii klabu na nasema wazi, kupanda kule hawakukustahili kwa mpira wa uwanjani, na mtu akikuletea rekodi ya kutoshuka tangu 1919 kama sifa, mpe sifa ya kutoshuka, lakini asikufiche walivyoingia.

Tuje makombe. R3 maana yake walitolewa raundi ya tatu, QF robo fainali, SF nusu, na namba kubwa zaidi inamaanisha walifika mbali zaidi. Lakini shika hili: tangu 1925–26 timu za madaraja mawili ya juu zinaingilia raundi ya tatu, kwa hiyo R3 ya Arsenal leo maana yake wametolewa mechi ya kwanza kabisa. Kabla ya hapo raundi zilikuwa zimepangwa tofauti, R1 ya 1910 huwezi kuiweka sawa na R1 ya leo.

Na safu ya kombe inaficha sana. 1932–33 imeandikwa R3 tu, na upande wa ligi bingwa. Ile R3 ni Walsall, timu ya Daraja la Tatu Kaskazini, iliyowafunga Arsenal 2–0 Januari 1933, na mpaka leo watu wanaitaja kwenye orodha ya maajabu ya kombe. Herufi moja na namba moja. Upande wa pili 1978–79 imeandikwa wameshinda, basi. Huoni kwamba raundi ya tatu iliwachukua mechi tano kuwatoa Sheffield Wednesday wa Daraja la Tatu, kwa sababu enzi hizo sare ilirudiwa mpaka mshindi apatikane, hakuna matuta. Na fainali wakawa wanaongoza 2–0 dhidi ya Manchester United mpaka dakika ya 86, zikarudi zote mbili, halafu Alan Sunderland akapiga la tatu papo hapo. Mwaka uliofuata, 1979–80, nusu fainali peke yake dhidi ya Liverpool ilikuwa mechi nne. Wakafika fainali mbili ndani ya siku nne, wakafungwa na West Ham 1–0 Wembley, na Valencia kwa penalti kwenye Kombe la Washindi la Ulaya. Mstari wa mwaka huo ni nafasi ya nne na fainali mbili za kupoteza, na timu ilikuwa imecheza mechi 70. Hizi mechi za marudio zimefutwa tangu msimu wa 2024–25, kuanzia raundi ya kwanza na kuendelea, kwa hiyo mistari ya mbele itakuwa mifupi.

Kombe la Ligi likiwa wazi kabla ya 1966–67 usidhani data imepotea. Lilianza 1960–61 lakini klabu kadhaa kubwa hazikutaka kushiriki, Arsenal akiwemo, wakaingia 1966–67. Jina lake linafuata mdhamini, Milk, Littlewoods, Coca-Cola, Carling, sa hivi Carabao, ni kombe lilelile. Walilichukua 1987 na 1993. Mwaka 1993 fainali zote mbili, ya hilo na ya FA, walikutana na Sheffield Wednesday na kushinda zote, wakati kwenye ligi walikuwa wa 10.

Ndo maana nakushauri usome kombe na ligi kwa pamoja, na usome mistari mitatu mitatu, sio mmoja. 1969–70 ligi nafasi ya 12, ovyo kabisa, lakini safu ya Ulaya inaonyesha Kombe la Fairs. Walipoteza 3–1 kwa Anderlecht wakarudi Highbury wakashinda 3–0, kombe la kwanza baada ya miaka 17. Mstari wa chini yake ndo ile 1970–71 ya makombe mawili. Ukiwa na mstari wa 12 peke yake ungewafukuza wote. 2019–20 ni hivyohivyo, nafasi ya 8 na pointi 56, na Kombe la FA mkononi.

Sasa ukirudi kwa jamaa yako mpelekee hii. Kwa kutumia pointi tatu na mechi 38 kwa wote: 1930–31 wanapata 85, 1970–71 wanapata 85, 2001–02 walipata 87, 2022–23 walipata 84 wakawa wa pili, 2023–24 walipata 89 wakawa wa pili tena, na 2003–04, wale walioshinda 26, sare 12, hawakufungwa hata moja, walipata 90. Wa 2015–16 na 71 yao hawafiki karibu na yeyote kati ya hao. Akikubana kwamba mbona 1937–38 walibeba na pointi 52, hapo mpe haki yake, maana ushindi 21, sare 10, kufungwa 11, hata ukibadilisha unapata kama 66 tu, huo ulikuwa ubingwa dhaifu kweli, ligi ilikuwa imebanana mwaka ule na kila mtu alikuwa anamfunga mwenzake. Kwa hiyo kuna msimu wa zamani unaomsaidia, ila 1930–31 alioutaja haumsaidii hata kidogo.